Paa Mwenye Chumvi

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wa Bungoma.

Mimi ni karani wa shamba la Mzungu hapa Kitale. Wiki jana nilipanda baiskeli peke yangu, nikifuatwa na mbwa wangu wawili, kwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Nekesa. Nililala kwenye hema kando ya Mto Nzoia, karibu na kwao, ili nifike asubuhi nikiwa nimeoga.

Kulipokucha, mbwa waliniletea paja la nyama. Nikajua wamewinda paa. Paja lilikuwa limeshachunwa, lakini sikujiuliza limechunwa na nani. Nikalichoma.

Mzee mmoja akatokea, akifuata nyayo za mbwa. Nikamkatia kipande.

"Karibu paa, mzee."

Akatafuna polepole. "Paa huyu ana chumvi."

"Paa wa huku ni watamu."

"Chumvi alitia mama Nekesa jana. Ati leo tuna mgeni, karani kutoka Kitale." Akatazama baiskeli yangu. "Si ni wewe?"

Nikamwambia mbwa si wangu. Mmoja alikuwa amenilalia miguuni.