Kumi na nne ya Profesa: nilivyotoka chuo cha serikali Rwanda hadi chuo kikubwa Ulaya

Heshima zenu wakuu. Hii imenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni Mnyarwanda niliyezaliwa Bukavu, Congo. Baada ya mauaji ya kimbari tulirudi nyumbani, tukakaa Kamembe, hapa Rusizi mpakani. Mama akawa anauza sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu, kutoka ng'ambo, siku ambazo mpaka uko wazi. Vita vya Congo vilikuwa vimechachamaa. Kuna asubuhi tunakunywa chai huku tunasikia mabomu upande wa pili.

Nikasoma sayansi ya udongo chuo cha serikali. Vifaa hakuna, walimu wa kuokoteza. Aliyetubeba ni Profesa mmoja, mtu wa Mibirizi, hukuhuku kwetu Rusizi.

Sasa mzee yule kwa kubania maksi, acheni tu! Darasa zima tunalilia 10 kati ya 20, ya kufaulia tu. Mimi alinipa 14, nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Nikaapply master's kwenye chuo kimoja Ulaya, kati ya vile ambavyo ukitaja jina watu wanakaa vizuri kwenye kiti. Wakajibu kwa email: utafiti wako tumeupenda, ila maksi zako ni za wastani. Tutakupigia kesho kutwa ujieleze.

Nililia palepale cyber, wakuu. Mtu umeongoza darasa, halafu unaambiwa wastani! Na mwaka ule sikuwa na chuo kingine cha kutegemea.

Ilikuwa likizo, kwa hiyo Profesa alikuwa kwao. Mama akasema twende. Tukamkuta anapalilia maharage, kavaa gumboots. Mama hakuzunguka:

"Papa Professeur, mutoto wangu ulimupa kumi na ine. Sasa bale bazungu banazani hana akili. Umuongezee!"

Mzee akaegemea jembe. "Maman, kumi na ine yangu hakuna muntu alishaka ipita. Kuongeza, hapana. Lakini ku ile simu nitaongea miye mwenyewe."

Mama alinuna njia nzima.

Siku ya simu mzee akatokea kibandani kwetu Kamembe na suti yake, chini gumboots zilezile, maana njia ilikuwa tope tupu. Nilipomaliza kujieleza akaninyang'anya simu. Kwa Kiingereza chake cha kuungaunga akawaambia:

"Tangu nianze kufundisha sijampa mtu kumi na tano. Nileteeni mwanafunzi wenu bora kabisa, nitampa kumi na mbili."

Nikasikia wanacheka kule. Nikapata nafasi, na scholarship juu.

Kwa hiyo mnaoapply kutoka vyuo vyetu vya serikali, msiache maksi zijisemee zenyewe. Waelezeni jinsi mnavyosahihishwa, na mtafuteni mwalimu anayewajua awasemee. Usimwogope kwa sababu ni mkali.

Nilipomaliza masomo nilirudi, mimi na Mama tukapanda Mibirizi kumshukuru. Akaangalia digrii yangu muda mrefu.

"Hii ingekuwa ngapi kwetu?"

Nikamwambia, "Kumi na ine, Professeur."

Akavua miwani, akaifuta. "Hapana. Tuseme kumi na tano."

Mama akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Mimi nikasema asante huku machozi yananitoka.

Na wewe mkuu, ni mwalimu gani alikubania hivyo na leo unamshukuru? Mtaje hapa chini kwa jina la utani, tumpe maua yake.