Mfungo wa Raja

Jumatano asubuhi Kristina aliinama mbele ya tangi la kioo sebuleni kwa Mama Umang, akaona samaki kalala ubavu kwenye changarawe, tumbo limemvimba kama amemeza gololi. "Yesu na Maria!" akasema kwa sauti, fagio likamtoka mkononi.

Samaki mwenyewe alikuwa mmoja tu, beta, wale wa mapambo wenye mapezi marefu ya kujivuta, buluu na wekundu kwenye ncha. Jina lake Raja. Hawekwi na mwenzake; ukimtia dume mwingine watararuana mpaka mmoja afe, ndiyo maana tangi zima lilikuwa lake. Yesha, mjukuu wa Mama Umang, alimwacha alipokwenda kusoma India, na ukutani akabandika karatasi ya masharti: punje tatu za chakula asubuhi, tatu jioni, maji ya uvuguvugu wa nyuzi ishirini na sita, robo ya maji ibadilishwe kila Jumamosi. Karatasi ile hakuiandika kwa ajili ya bibi yake. Alimwandikia Kristina.

Ni sawa, maana nyumba ile iliendeshwa na Kristina. Alizaliwa Mgeta, huko juu kwenye matuta ya njegere na kabichi, akashuka mjini mwaka 2004 akiwa na miaka ishirini na miwili. Rekha, yaani Mama Umang, alimchukua afue nguo mwezi mmoja wa kujaribu. Mwezi wenyewe haujaisha mpaka leo. Humo ndani Kristina kamuaga marehemu mzee Natwarlal, mume wa Rekha, kawaona watoto wakihamia Dar mmoja mmoja, kaona duka la vyombo likifungwa. Yeye naye kajenga vyumba viwili Kihonda, kamsomesha binti yake Faraja mpaka akawa nesi huko Dodoma, na bado kila asubuhi saa moja yuko mlangoni kwa Rekha: "Shikamoo, mama." "Marahaba, Kristina. Ingia, chai ipo."

Siku Yesha alipomfundisha habari za tangi, Kristina alicheka mpaka akashika mbavu. Kwao samaki ni dagaa wa kwenye gunia. "Samaki anapashiwa maji? Huyu samaki au bwana harusi?" Lakini mtu wa Mgeta akishika kazi ameishika. Alijifunza kulaza maji ya bomba kwenye ndoo siku nzima ili ile dawa ya idara ya maji itoke, alijifunza kuvuta uchafu kwa mpira bila kumtikisa mwenyewe, na asubuhi akimwona tu Raja anavyofungua mapezi alijua kaamkaje. Hakumwambia mtu, lakini alikuwa anampenda yule samaki. Na mwezi ule wa Julai, baridi ya mlimani iliposhuka mjini, alikuwa anakwenda kugusa kioo kwa kiganja kila saa kuona kama maji hayajapoa.

Basi siku ile hakungoja. Alikwenda moja kwa moja kwa Yunusi, anayeuza samaki wa mapambo nyuma ya soko, akamwonyesha picha kwenye simu.

"Anakula nini?" Yunusi aliuliza.

"Punje tatu tatu."

"Mama Faraja, punje tatu hazileti tumbo hili. Kuna mtu anamlisha huko." Akamrudishia simu. "Siku tatu asile kitu, hata chembe. Maji yapandishe joto kidogo. Kila siku mtoe umwogeshe dakika kumi kwenye maji yenye haluli, ile chumvi ya kuendesha tumbo, utaipata duka la dawa. Ya jikoni usitie. Akishapata choo, chemsha njegere, menya ganda, mpe kipande kama kichwa cha kiberiti."

"Siku tatu hatakufa njaa?"

"Nauza samaki mwaka wa tisa. Beta wangu wote waliokufa wamekufa kwa kushiba."

Kristina alirudi akijua atakachokikuta. Akachota changarawe kwa kichungi, na humo vikatoka vidonge vya unga wa ngano, vingine vimeshaanza kuota ukungu. Alivipanga kwenye kisosi, akakipeleka jikoni.

"Mama, hivi nini?"

Rekha alikuwa na miaka sabini na mmoja, mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyekaa kaunta miaka mingi. Hakuona haya hata kidogo. "Chakula," akasema. "Punje tatu! Hata kuku wa siku moja humpi punje tatu. Mimi ninywe chai na kiumbe wangu ananitazama?"

Kristina aliijua hiyo. Kila asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni, Rekha humwaga unga kwa sisimizi chini ya mkomamanga, mchele kwa ndege ukutani, na chapati ya kwanza hutupiwa mbwa wa jirani. Ndivyo alivyolelewa kwao, ndivyo alivyoishi. Kristina alichukulia ni ibada tu, kama yeye na rozari yake. Akamweleza maneno ya Yunusi polepole: siku tatu, hata chembe, ukimhurumia unamuua.

 Rekha akasema hapo hapo, "Sawa. Siku tatu."

Jamani, mtu unayemfahamu miaka ishirini akikubali upesi hivyo, si ujiulize? Kristina hakujiuliza. Alishukuru Mungu, akaenda kutafuta haluli.

Alhamisi ilipita vizuri. Raja aliogeshwa kwenye bakuli, akarudishwa kwake, akalala pale pale kwenye changarawe. Rekha alikuwa mkimya, alikunywa chai kavu isiyo na chochote, akasema baridi inamchosha. Sahani yake ilikutwa jikoni imeoshwa. Kunguru wa mtaa ule walishiba wali siku hiyo, lakini nani huwatazama kunguru?

Ijumaa saa nne Kristina alikuwa uani anaanika mashuka. Akasikia kishindo kidogo ndani, halafu kimya. Aliingia na vibanio mdomoni. Rekha alikuwa sakafuni mbele ya tangi, mgongo umeegemea kabati, nguo imelowa jasho asubuhi ya baridi, midomo inatetemeka, anaongea Kigujarati na mtu ambaye hayupo. Kristina alipomshika mkono, ulikuwa baridi kama samaki.

Rekha ana sukari mwaka wa saba. Anajichoma insulini asubuhi na jioni, na daktari alimwambia mbele ya Kristina: sindano na chakula haviachani, ukichoma bila kula, sukari itashuka na wewe utashuka nayo. Kristina hakufikiri. Alikoroga sukari vijiko vitatu kwenye maji, akamshika shingo, akamnywesha funda kwa funda huku anamwita: "Mama! Mama Umang! Rekha!" Hilo la mwisho hakuwahi kulitamka maishani mwake.

Baada ya robo saa macho yalirudi. Kristina akakimbia jikoni kutafuta cha kumpa, na ndipo alipoona: mkate wa juzi mzima, chapati za jana zimepunguzwa ile moja tu ya mbwa, dengu hazijaguswa. Alisimama na mfuniko mkononi.

"Hujala tangu lini?" aliuliza kutoka mlangoni.

"Samaki naye hajala."

"Mama, nakuuliza wewe!"

"Na mimi nakujibu." Rekha alikuwa ameketi kitini sasa, anajifuta shingo kwa ncha ya sari. "Nyumba hii mimi nakula wa mwisho. Miaka arobaini na minane. Kwanza wadudu, ndege, mbwa, wageni, watoto, mume, wewe. Halafu mimi. Mdomo mmoja ukiwa na njaa ndani ya kuta hizi, mimi sili. Nimekubali afunge. Sikusema nitakula."

"Mimi?" Kristina alikwama kwenye neno moja. "Mimi nimo kwenye hesabu hiyo?"

"Kwani wewe huna mdomo?"

"Na Ijumaa za Kwaresima? Nakuambiaga nimekula nyumbani."

"Unaniambia uongo na tumbo lako linalia mpaka sebuleni," Rekha alisema. "Nilingoja uende kwako. Jioni nilijua utafungua mfungo, na mimi nikala jioni."

Kristina alikaa chini, pale pale sakafuni. Miaka ishirini ya Kwaresima. Miaka saba ya hiyo ishirini mwanamke huyu anajichoma sindano asubuhi na kukaa tumbo tupu mpaka jua linazama, kwa sababu ya uongo mdogo wa adabu wa mfanyakazi wake. Alihisi hasira, alihisi aibu, hakujua aanze na ipi. Akaanza na hasira. "Ulitaka ufe, mama? Ufe mikononi mwangu, mimi nimwambie Umang nini?"

Akampigia Umang, Dar. Umang alipiga kelele mpaka simu ikakoroma: mtupe huyo samaki chooni, sasa hivi! Rekha aliisikia sauti ya mwanawe, akaita kutoka kitini, "Akimtupa, sitakula tena mpaka nife," na alivyosema ilikuwa wazi kwamba hatanii. Mkate ulikuwa mezani mbele yake. Aliusukuma kwa kidole. "Maji ya sukari ulininywesha nikiwa sina akili," akasema, "usinitegee tena."

Maji ya sukari humwinua mtu kwa muda mfupi, na sindano ya asubuhi ilikuwa bado inafanya kazi mwilini. Kristina alitazama saa ya ukutani, akamtazama Raja, akamtazama tena bibi. Ndipo likamjia.

"Umesema ndani ya kuta hizi."

"Nimesema."

"Akiwa kwangu Kihonda, yuko ndani ya kuta zangu. Mdomo wake ni wangu."

Rekha aliligeuza neno hilo huku na huku. Hakulipenda, lakini hakupata tundu ndani yake. "Mfunike," akasema mwishowe. "Asipate baridi."

Kristina alimwita Alina, jirani wa mlango wa pili, mke wa Altaf wa vitambaa, akamweka kitini karibu na Rekha na kumwambia asiondoke hata kwa adhana. Akamtia Raja kwenye mtungi wa kioo wa achari uliooshwa, akaufunga kwa kanga mbili, akapanda bajaji na mtungi kifuani.

Nisikuweke roho juu: samaki alipona. Jumapili alipata choo, Jumatatu akala njegere yake, na leo hii anatembea tangini kwa maringo yake yale yale. Lakini Ijumaa ile hakuna aliyejua, na Kristina aliushusha mtungi mezani kwake Kihonda kama anashusha mgonjwa. Alipasha maji, akapima kwa kiwiko, akayaongeza kidogo kidogo. Raja alikuwa chini, ubavu juu, jicho moja linatazama nje.

Hapo ndipo njaa ilipomkumbusha Kristina kuwa tangu alfajiri hajatia kitu mdomoni. Jikoni kulikuwa na ugali wa jana na dagaa. Dagaa aliwafunika upesi, akaona soni. Akauleta ugali mezani, akamega tonge, akaliinua. Lile jicho lilikuwa linamtazama. Mkono ukasimama njiani. Alijaribu kugeuza kiti, akaona ujinga, akakirudisha. Akasema ngoja kwanza, nitakula baadaye, akaliweka tonge kwenye sahani.

Simu ikalia. Alikuwa Alina, anapumua haraka. "Dada Kristina, hataki. Nimemsihi, nimemwekea wali, nimemwekea mtindi. Ameanza kutoka jasho tena. Anataka kuongea na wewe."

Sauti ya Rekha ilikuja ndogo, kama ya mtu anayeongea kutoka chumba cha pili. "Umefika?"

"Nimefika, mama. Kula basi! Samaki hayupo tena kwako."

"Wewe umekula?"

"Nimekula."

"Kristina."

Ni jina lake tu lililotajwa, lakini lilimchoma. Alifumba macho. "Bado," akasema.

"Nilijua. Nimekutwisha mzigo wangu, na wewe umeubeba ukanyamaza. Mdomo wako ni wa nyumba yangu popote ulipo. Kula wewe kwanza. Nasikiliza."

Kristina alitaka kubishana. Alitaka kumwambia mama, dakika hizi unazopoteza ni uhai wako, na akajua kuwa kila neno atakalosema litakuwa linazila hizo dakika. Akachukua tonge lililopoa, mbele ya yule mgonjwa mwenye njaa, akalitia mdomoni. Lilikuwa kavu, halikuwa na mboga wala chumvi. Machozi yalimtoka yakachanganyika nalo. Alitafuna simu ikiwa shavuni.

"Sikusikii," Rekha alisema.

Akatafuna kwa sauti, kama mtoto asiye na adabu, akameza. "Nimemeza, mama."

Upande wa pili Alina alisema kitu, kiti kikaburuzwa, kijiko kikagonga sahani. Kristina alizuia pumzi mpaka aliposikia bibi anameza. Kisha kijiko kikatulia, na kikabaki kimetulia, na akaelewa kuwa anangojwa. Akamega tonge la pili.