Nilidhani Mwali Amenawiri

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msianze kunitafutia sababu. Ndugu zangu wamenitafutia za kutosha, na hakuna hata moja iliyonisaidia.

Mimi ni mwanamke wa huku juu Uluguru, nalima kabichi na karoti. Mdogo wangu anaishi mjini, Mafiga. Binti yake alipovunja ungo, alisubiri amalize darasa la saba, kisha akaniletea nimweke ndani. Kwetu mama mzazi hamwoni mwali mpaka siku ya kutolewa. Kwa hiyo alinikabidhi mtoto, akarudi zake.

Mwali anakaa chumbani, hapigwi jua, anakula vizuri, anapakwa mafuta. Akitoka awe mweupe, amejaa. Akitoka amekonda, mnajua wenyewe, anayesemwa ni aliyemtunza!

Basi mtoto akaanza kujaa. Asubuhi uso umeumuka, macho yamekuwa madogo. Nilifurahi, jamani! Nikawaita wenzangu waje wachungulie.

"Loh! Unamlisha nini huyu?"

"Mkono wangu huo," nikajibu kwa maringo.

Siku moja nampaka mafuta miguuni, kidole kikaacha shimo. Nikabonyeza tena. Shimo likabaki pale pale. Niliona kwa macho yangu haya, na nikaendelea kupaka.

Siku zile zile akaniambia, kwa sauti ndogo, "Mama mkubwa, mkojo wangu una povu kama la sabuni. Halafu unatoka kidogo."

Nikamwambia, "Mwali halalamiki."

Hakuniambia tena. Chakula akawa anakiacha, nikasema ni aibu za kimwali. Akiinuka tu anahema, nikasema amekuwa mzito. Mama yake akipiga simu namjibu, "Mwanao amenenepa huyo, wewe andaa khanga tu."

Siku ya kumtoa, ngoma zilianza mapema. Mwali kabebwa mabegani, kafunikwa, vigelegele mpaka bondeni. Akafunuliwa. Watu wakashangilia, amenawiri, amenawiri!

Mdogo wangu hakupiga kigelegele. Alimshika mwanawe kidevu, akamtazama. Akachuchumaa, akambonyeza mguu. Kisha akanitazama mimi.

"Dada, mwanangu amevimba."

Tulifika hospitali na nguo zetu za sherehe. Daktari akauliza uvimbe ulianza lini. Mdogo wangu akanigeukia, maana mimi ndiye niliyekuwa naye. Nikasema. Na la povu nikalisema.

Daktari alisema figo zilikuwa zinaumwa muda wote ule, na pengine angeletwa mapema zingepona. Sasa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Wenzake wameanza sekondari, yeye sare yake haijatolewa kwenye mfuko.

Mdogo wangu hajanitukana. Heri angenitukana! Ananiita dada vile vile, ananimiminia chai. Na mimi silii. Nalima, napika, nalala. Watu wanasema nina moyo mgumu. Labda. Nikijigusa ndani sikuti kitu.

Sisemi muache mila. Mimi mwenyewe nimechezwa unyago, na mama yangu kachezwa. Lakini mwali ni mtoto, anaumwa kama watoto wengine. Uso ukivimba asubuhi, mguu ukibonyea usirudi, mkojo ukiwa na povu au ukipungua, akianza kuhema bila kazi, mtoe umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ngoma itasubiri. Watakaosema, waache waseme!

Juzi nilishuka Mafiga kumwona. Nikakaa pembeni ya kitanda chake.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Unajisikiaje?"

Akainamisha macho, kama nilivyomfundisha kule ndani. "Sijambo."

Midomo imemkauka, pumzi inamkatika. Nikamwambia, "Sema, mama, sema tu, pale nilipokunyamazisha nilikosea mimi." Akatikisa kichwa taratibu, macho yako chini vile vile.

Nilimfundisha vizuri. Hasemi tena.

Wewe mwenye mwali ndani, inuka ukamuulize leo, wakati bado anakujibu.