Mguu Uliopona Bila Kuumwa

Nianze na ujinga wenyewe, maana usipousema mapema watu wanakusemea: nilianguka kanisani kwa makusudi. Hakuna nguvu yoyote iliyonishusha. Nilikuwa na njaa, na maombi yalikuwa yamegoma kwisha.

Na kabla ya huo ujinga kulikuwa na mwingine. Mguu niliokuwa naombewa haukuwa unauma. Mwanzoni uliuma kweli, nilipoteguka goti uwanjani nikijaribu kumtoka beki mnene wa kidato cha tatu. Baadaye ukapona wenyewe kimyakimya. Lakini nilikuwa nimeshagundua kwamba mtu anayechechemea haendi kupalilia shamba letu la Nakwa, hakimbii mchakamchaka shuleni, na bibi anamwekea mnofu pembeni. Basi nikaendelea kuchechemea. Nilizuga vizuri sana, mpaka siku moja nikasahau ni mguu upi.

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anachambua maharage. Akanitazama ninavyopita na ndoo.

"Mjukuu wangu, jana si ulikuwa wa kulia?"

"Unazunguka, bibi," nikasema.

Hiyo "unazunguka" ndiyo iliyoniponza. Bibi akamwambia mama kwamba ugonjwa unaozunguka mwilini si wa hospitali. Mama alikuwa kwenye kikundi cha maombezi pale kanisani kwetu Bagara, hapa Babati, na Jumapili iliyofuata nikajikuta mbele ya madhabahu watu wananisogelea kama nimeiba kuku.

Kiongozi wa kikundi alikuwa fundi cherehani. Wote tulimwita Mtumishi. Suruali yangu ya shule alishona yeye, na sina ubaya naye. Ni mtu mwema ambaye akiona mgonjwa macho yanamlengalenga. Siku hizo mkoa wetu ulikuwa ndio kwanza umekatwa kutoka Arusha, na yeye alikuwa na usemi wake kila ibada: "Huu ni mkoa mpya, na Bwana anafanya jambo jipya!" Hata barabara ikichongwa alisema hivyo. Mama yeye kazi yake ilikuwa khanga. Mwanamke akianguka wakati wa maombi, mama alimfunika miguu haraka ili heshima isipotee. Alikuwa nazo kadhaa begani, zimekunjwa vizuri, na hakuna aliyemzidi kwa wepesi.

Hakuna aliyeniuliza naumwa wapi. Naomba hilo likumbukwe. Wangeniuliza tu, "Kijana, ni goti lipi, na linauma ukifanya nini?" ningebabaika palepale na mambo yangeishia hapo. Badala yake walianza kwa kelele. Mtumishi akanipaka mafuta ya alizeti, yale yanayokamuliwa Singe, yakaanza kuteremka kwenye nyusi. Akaweka kiganja kwenye paji la uso akawa ananisukuma kila akisema "toka!" Mtu mwingine alikuwa ananikoromea sikioni. Nyuma yangu alisimama mdakaji, mbeba magunia wa sokoni, amefungua mikono kabla hata sijaonyesha dalili ya kuyumba. Mtu akishakutandikia kitanda unajisikia vibaya kutolala.

Nikaanguka. Nilianguka kwa heshima zote: magoti kwanza, halafu macho juu, halafu mikononi mwa mbeba magunia. Sijui mama alichanganyikiwa vipi, mimi nimevaa suruali, lakini akanifunika khanga. Chini yake nilimsikia analia. Hapo ningeweza kusema, "Mama, nazuga." Badala yake nikaruka juu na kuzunguka mabenchi mbio, kwa sababu nilifikiri nikipona haraka tutakwenda kula haraka.

Hatukwenda. Nilipewa kipaza sauti nitoe ushuhuda. Nipe kipaza sauti mimi, utajuta. Nikasema nimesikia moto ukitoka kisogoni, ukashuka mgongoni, ukatokea kidole gumba. "Haleluya!" Nikaona wanapenda, nikaongeza kwamba moto ulisimama kidogo kwenye goti kama unatafuta kitu. Kanisa lote likasimama. Bibi, benchi la pili, alikuwa amefunika uso kwa mtandio, mabega yanatetemeka.

Bibi yangu ana sukari. Alikuwa na vidonge vyake, anavimeza asubuhi na jioni, na kadi yake ya kliniki ilikaa kwenye begi moja na Biblia. Jumapili iliyofuata akapita mbele. Mtumishi akamuuliza, "Unaamini, bibi?" Akasema, "Kama mguu wa huyu umepona, naamini." Mtumishi akamwambia, "Basi usirudi nyuma." Ndilo alilosema, sikuongeza neno. Hakumwambia aache dawa. Wala hakumwambia asiache. Na kwa bibi, kurudi nyuma ni kurudi kliniki. Tulipofika nyumbani aliweka vidonge ndani ya kopo la majani ya chai, akapanda kistuli, akalipandisha juu ya kabati.

Mimi ndiye nilikuwa nachota maji, kwa hiyo mimi ndiye niliyejua wa kwanza. Ndoo zilikuwa zinaisha. Bibi alikuwa anakunywa jagi zima, anakwenda chooni nyuma ya jiko, anarudi, anakunywa tena. Mwanzoni nilinung'unika kwa sababu ya foleni ya bombani. Halafu siku moja nikamkuta anamkaripia mbuzi wa jirani kwa nini amerudi kutoka shuleni mapema. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona hatanii. Alikuwa haoni vizuri.

"Bibi, kanywe dawa."

"Wewe uliyeponywa ndiye unaniambia hivyo?"

"Sikuponywa, bibi. Nilidanganya. Sikuwa naumwa."

"Unakufuru. Kimbia nikuone."

Nikachechemea makusudi. Bibi akacheka kwa furaha, akanipiga kofi la mgongo. "Mtoto huyu ana utani!"

Hapo nikaona adha ya kuwa mtani. Uongo wangu waliumeza na mate, ukweli wangu wakautema.

Nikaenda kwa Mtumishi dukani. Alikuwa anashona gauni, futi ya kupimia shingoni, na mama mmoja mteja amesimama na kitenge chake.

"Shikamoo, Mtumishi."

"Marahaba, shujaa wa imani!"

"Mtumishi, nilidanganya. Siku ile nilianguka mwenyewe. Na mguu haukuwa unauma."

Cherehani ikanyamaza. "Nani amekutuma useme hivyo?"

"Hakuna."

"Umeona? Hata humjui anayekutuma. Adui anataka kukuibia uponyaji wako."

"Uponyaji gani? Nilikuwa mzima!"

"Ndivyo anavyojisikia mtu aliyepona kabisa," akasema kwa upole, mikono tayari inanyanyuka. "Hata kumbukumbu ya maumivu imeondolewa."

Niambie, hapo unajibu nini? Nilijaribu kumwambia habari za bibi, za maji, za mbuzi. Akasema imani inajaribiwa. Akaniwekea mikono akakemea roho ya mashaka, na mama wa kitenge akaitikia amina kubwa kuliko zote. Nikatoka nimeombewa mara ya pili kwa ugonjwa nisiokuwa nao, wakati mwenye ugonjwa wake yuko nyumbani hana dawa. Nilipiga teke kopo la soda kutoka pale mpaka kwetu. Goti lilikuwa zima kabisa.

Wewe unayeombea wagonjwa, na najua mpo wengi Babati hii, nisikilize japo mara moja, halafu ukitaka unikemee. Uliza kwanza. Muulize mtu anaumwa nini, tangu lini, anatumia dawa gani, na yeye mwenyewe anataka umwombee nini. Huenda anataka umwombee tu mwanaye apate ada. Muulize kama unaruhusiwa kumshika. Usimsukume kichwa; anayeanguka kwa kusukumwa ameanguka tu, na hata ng'ombe anaanguka akisukumwa. Punguza sauti, Mungu si mzee anayesikia nusunusu. Na mtu akisema amepona, usimpe kipaza sauti siku hiyohiyo, hasa akiwa wa umri niliokuwa nao. Mwache aende akapimwe, arudi na majibu, ndipo mshangilie mpaka mabati yang'oke. Lakini zaidi ya yote, mtu akija kukwambia "sikupona", kaa chini. Zima cherehani. Huyo ndiye anayekuhitaji kuliko yule aliyeruka mabenchi.

Mama sikuwa nimemwambia. Nilimwogopa. Alikuwa amelia chini ya ile khanga, na mtu hutaki kumrudishia mama yako machozi ukimwambia yalikuwa ya bure.

Ikafika siku nimetoka shule nikamkuta bibi palepale mlangoni, ungo wa maharage mapajani. Nikamwamkia, hakuitika. Nikamwamkia tena. Akafungua macho, akatamka kitu kwa Kigorowa, akayafumba. Maharage yakamwagika naye asijali, bibi ambaye punje moja ikianguka anaitafuta mpaka uvunguni mwa kuku. Midomo ilikuwa imekauka, anahema haraka kama aliyepanda mlima.

Nikakimbilia jikoni. Mama alikuwa anasonga ugali.

"Mama, niangalie."

"Una nini?"

"Niangalie tu."

Nikasimama katikati ya jiko nikaanguka. Magoti, macho, mikono, vilevile kama kanisani, ila safari hii hakuna mbeba magunia, nikagonga kisogo kwenye gunia la mahindi. Nikainuka nikaanguka tena, kwa upande wa pili, nikatikisa na mguu kidogo kama nilivyofanya siku ile. Mama akabaki na mwiko mkononi.

"Ndivyo nilivyofanya," nikasema nikiwa chini. "Sikuwa naumwa, sikupona, na ule moto niliutunga. Bibi ameacha dawa kwa sababu yangu. Ziko juu ya kabati kwenye kopo la chai. Sasa hivi haitiki, mama."

Nilitegemea mwiko. Mama aliutupa chini, akaepua sufuria, akatoka. Alimwangalia bibi mara moja tu. Akavua khanga begani, akamfunga nayo vizuri, akamtuma jirani aite gari. Mimi nilipanda kistuli nikashusha kopo, nikachukua na ile kadi ya kliniki, tukaondoka.

Hospitalini walimtundikia maji, wakampima, wakatuambia tungechelewa tungekuja kuzungumza habari nyingine. Mama alikaa kwenye benchi la nje, kopo la chai mapajani. Akasema, bila kunitazama, "Nililiona kule juu. Nilipokuwa nafuta vumbi."

Sikuelewa.

"Nilijua hamezi. Nikanyamaza, wenzangu wasione sina imani."

Ningependa kuandika kwamba nilisema neno la kumfariji. Niliuliza kama kuna chakula.

Bibi alirudi nyumbani amekonda, na ukali wake wote. Mtumishi alikuja kumwona, akakaa kwenye ukingo wa kiti, futi bado shingoni. Nadhani alitoka dukani mbio. Macho yalikuwa yanamlengalenga, lakini safari hii hakunyanyua mikono. Akanigeukia.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikuambia! Ukanikemea!"

Akainamisha kichwa. "Ulinikuta najua tayari," akasema. Halafu akamuuliza bibi kama anaweza kumwombea, na anataka aombewe nini. Bibi akasema usingizi, na magoti. Akaomba kwa sauti ya kawaida, kwa kifupi, nikashangaa kumbe anaweza.

Mama ndiye aliyesema lazima nirudi kwenye kile kipaza sauti. Nikamwambia watanicheka. Akaendelea kupiga pasi shati langu.

Wakanicheka kweli. Nilipofika kwenye "unazunguka, bibi" kanisa lilivunjika mbavu, na nilipokiri habari ya moto wa kidole gumba kuna mzee alipaliwa. Lakini nilipofika kwenye kopo la chai wakanyamaza. Mtumishi akachukua kipaza sauti, akasema yeye ndiye aliyemwambia bibi asirudi nyuma, na kwamba kuanzia siku hiyo asiachwe mtu aondoke mbele pale bila kuambiwa wazi: dawa yako endelea nayo mpaka daktari aseme. Watu wakasema amina, amina ndogo, ya kufikiri.

Nikadhani yameisha. Mlangoni mama wa kitenge akanishika mkono, akanivuta pembeni, akaninong'oneza: "Lakini mwanangu, tuseme ukweli. Mguu si unatembea?"

Nilitaka kulia. Nikamtazama mama yangu anisaidie, akanipita kama hanijui, akashika njia ya nyumbani.

Nikamfuata kwa nyuma, mita chache, nikipiga hesabu ya fimbo. Tukapita maduka, tukapita mashine ya kusaga. Tulipokaribia kwetu akasimama, akasubiri nimfikie, akasema hivi:

"Kesho unakwenda Nakwa kupalilia, mistari yote uliyoichechemea. Jioni utampa bibi yako vidonge, uniite nione anameza. Halafu tutaomba, na wewe utafumba macho kama watu. Na ukianguka, sikufuniki."