Antipasi: Fundi wa glaida anayepepeta uwele Unyambwa

Saa tatu asubuhi, upepo unaanza kupanda mteremko wa mawe wa Unyambwa, pembezoni mwa mji wa Singida. Antipasi Alute anasimama juu ya mwamba mpana, anainua ungo mpaka juu ya kichwa na kuuinamisha kidogo. Uwele unadondoka kwenye turubai. Makapi yanarudi na kumjaa machoni.

"Umesimama vibaya tena, fundi," anasema Marietha Marko, mwenye uwele huo, akiwa ameketi kwenye kigoda na mkono wake wa kulia umelala mapajani. "Upepo ugeuzie ubavu, usiugeuzie uso."

Wanawake wawili wanaoteremka na ndoo zao wanasimama kumtazama. Mmoja anauliza, "Baba Pendo, mkeo anajua umeolewa huku?" Wanacheka. Antipasi anafuta macho kwa mkono wa shati, anawasalimia, anajaza ungo tena.

Kwa miezi kumi na minne sasa, kila Jumamosi ya msimu, mwanamume huyu mwenye umri wa miaka 54 amekuwa akipanda hapa kupepeta uwele na alizeti ya mama asiye ndugu yake. Majirani walidhani ni huruma. Wengine walimsifia kanisani.

Marietha, mwenye miaka 66, hawezi tena kuinua mkono wa kulia kupita bega. Mfupa wake ulivunjika hapa hapa, juu ya mwamba huu, alipogongwa na ndege.

Ndege yenyewe ilikuwa glaida, yaani ndege ndogo isiyo na injini, inayorushwa kwa mkono, ikabebwa na upepo na kuongozwa kwa rimoti kutoka chini. Mabawa yake yalikuwa na upana wa mita mbili. Yalichongwa kutokana na lile povu jeupe linalofungiwa televisheni, yakakazwa kwa mianzi na kuvalishwa selotepu ya kahawia. Puani ilikuwa na kipande cha chuma cha kusawazisha uzito.

Antipasi aliitengeneza mwenyewe. Yeye ni fundi redio, mwenye kibanda chenye meza moja karibu na soko. Siku nzuri humpa shilingi elfu kumi na tano, na siku nzuri zinapungua kwa sababu watu siku hizi hawatengenezi redio, wanatupa. Lakini kwa miaka kumi na miwili alikuwa pia mwalimu wa Klabu ya Glaida ya Unyambwa, ambayo huenda wasomaji wengi hawajawahi kuisikia.

Ilianza pale padri mmoja mgeni, akijiandaa kurudi kwao, alipomletea sanduku lenye rimoti tatu za zamani, kitabu cha maelekezo na glaida iliyovunjika. Alimwambia achukue vipuri. Antipasi hakuchukua vipuri. Alikaa na sanduku lile miezi minane mpaka glaida ikaruka.

"Ilikwenda sekunde kumi na moja, ikaingia kwenye miiba," anakumbuka. "Nilikimbia kuifuata kama mtoto. Nilikuwa na ndevu tayari."

Vijana walimfuata. Klabu ilifika wanachama kumi na wanne: mwashi, wauza mitumba, wanafunzi waliomaliza sekondari wakakosa pa kwenda, wasichana watano. Hawakuwa na kipimo cha upepo. Walikuwa na Marietha, aliyekuwa akipepeta juu ya mwamba huu kabla klabu haijazaliwa.

Yeye ndiye aliyewaonyesha kitu ambacho Antipasi hakukipata katika kitabu cha padri. Makapi yakienda mbali, huo ni upepo tu. Makapi yakipanda juu kwanza, yakazunguka kidogo ndipo yakaondoka, hapo hewa inanyanyua, na glaida itakaa angani nusu saa bila kushuka. Vijana walikuwa wakisubiri ungo wa Marietha kabla ya kurusha.

"Walikuwa wananiita mnara," anasema Marietha, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anatabasamu. "Kama ule wa uwanja wa ndege."

Klabu ilikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa. Rimoti zote tatu ni za aina ya zamani na zinatumia wimbi moja la redio. Zikiwashwa mbili kwa pamoja, ndege iliyoko angani haijui imsikilize nani, na inaanguka. Kwa hiyo Antipasi alipigilia ubao kwenye mti wa mgunga ulio karibu na mwamba, akabana hapo kibanio cha nguo chekundu.

Anayetaka kurusha anakwenda ubaoni, anachukua kibanio, anakibana kwenye kola yake. Asiye na kibanio hagusi swichi. Akimaliza, yeye mwenyewe anakirudisha ubaoni. Hamtumi mwenzake, wala hakiachi juu ya jiwe.

"Nilikuwa mkali kwa hilo," anasema Antipasi. "Nilimfukuza kijana mmoja mwezi mzima kwa sababu alimrushia mwenzake kibanio badala ya kukirudisha."

Jumamosi moja ya Juni mwaka jana, kibanio kilikuwa kwenye kola ya Happiness Stanley, wakati huo akiwa na miaka 22. Wote walikubali kwamba hakukuwa na mkono mtulivu kama wake. Aliweza kuishusha glaida ikasimama juu ya kanga iliyotandikwa. Antipasi alikuwa ameshaanza kumwandaa awe mwalimu baada yake.

Siku hiyo Happiness aliipeleka ndege juu, ikawa inazunguka pale ambapo makapi ya Marietha yalikuwa yakipanda. Kisha, bila sababu, ilitikisika, ikalala ubavu, ikashuka na pua.

Happiness alipiga kelele. Marietha aligeuka akiwa ameinua ungo.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka: pikipiki, hospitali, mfupa wa bega vipande viwili. Happiness aliketi chini akitazama mikono yake. Hakuna aliyesubiri maelezo yake, maana wote walikuwa wameona. Yeye ndiye aliyekuwa na kibanio. Jioni aliondoka nacho kwenye kola bila kujua. Wiki tatu baadaye alikwenda Mitundu, upande wa Itigi, kwa shangazi yake, kumsaidia kuuza nguo, na hakurudi.

Wazazi waliwatoa watoto wao. Mwenyekiti wa mtaa, Christopher, aliufunga mteremko kwa michezo yote ya ndege. Kufikia Septemba klabu ilikuwa na mwanachama mmoja, Antipasi, na kwa sheria yake mwenyewe hakuweza kurusha, kwa sababu kibanio kilikuwa Mitundu. Mtu alimshauri anunue kingine dukani. Alikataa bila kueleza.

Alikuwa na sababu.

Ile Jumamosi ya Juni, Antipasi alikuwa ameketi nyuma ya jiwe kubwa, hatua thelathini kutoka kwa Happiness, akitengeneza rimoti ya tatu ambayo waya wake wa betri ulikuwa umekatika. Alikuwa na kijiko cha zamani alichokipasha moto kwenye makaa, na uzi wa risasi ya kuungia waya. Aliunga waya. Alipuliza ili risasi ipoe.

"Fundi redio akimaliza kuunga, anawasha," anasema, akiangalia chini kwenye ungo. "Ndivyo nilivyofanya tangu nina miaka kumi na tisa. Unaunga, unapuliza, unawasha uone kama taa inakuja. Hufikirii. Mkono unakwenda wenyewe kwenye swichi."

Taa ndogo ya kijani iliwaka. Alifurahi kwa kazi yake. Ndipo akasikia kelele za Happiness, na mkono ukazima.

"Sekunde mbili," anasema. "Labda tatu."

Alipofika kwenye mwamba, Marietha alikuwa chini na watu wamemzunguka. Anasema alifungua mdomo aseme. Kisha mtu mmoja akasema, "Happiness, umefanya nini?" naye akaufunga. Aliona atasema jioni. Jioni aliona atasema kesho. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, na badala ya kusema alipanda mlimani na kuomba ungo.

Kilichomvunja ni redio. Julai mwaka huu, Catherine, mama yake Happiness, alileta redio yake kibandani. Wakati akisubiri alimweleza kwamba kampuni moja ya kupima mashamba kwa ndege ndogo ilikuwa ikitafuta vijana wa kuwafundisha kuzirusha, na mtu alikuwa ametaja jina la Happiness. Binti alikataa. Alimwambia mama yake kwamba mkono wake haufai, kwamba unaweza kuua mtu. Catherine aliomba, kwa heshima, kama mwalimu angeweza kuongea naye, maana binti alikuwa akimsikiliza yeye kuliko wazazi.

Antipasi alitengeneza redio ile na hakutaka malipo. Catherine alimshukuru sana. Usiku huo Antipasi hakula.

Siku chache baadaye alimweleza Marietha, hapa kwenye mwamba, akiwa amesimama.

"Nilimwambia, mwaka mzima unanipepetea uwele wangu, unakula ugali wangu, na hili umelificha mfukoni?" anasimulia Marietha. "Nilimwambia uwele bado upo, na mkono wangu ni ule ule, kwa hiyo Jumamosi aje. Lakini asidhani hapa ndipo anapolipa. Mfupa wangu ulishaunga. Aende kwa yule mtoto."

Kwanza alikwenda kwenye mkutano wa mtaa. Alisimama mbele ya watu wapatao sitini, akaeleza kuhusu waya, risasi na swichi. Labda alitarajia kwamba ukweli ungefungua kitu. Mtu mmoja nyuma alicheka. Christopher alimshukuru kwa kusema, kisha akatamka kile ambacho wengi walikuwa wakikifikiri: ikiwa aliyekosea si mwanafunzi bali mwalimu aliyetunga sheria, basi kuna sababu kubwa zaidi ya kuuacha mteremko umefungwa.

"Mtaa hauna ugomvi na ndege," mwenyekiti huyo anasema. "Una ugomvi na kuanguka. Na huyu mzee tulimwamini."

Siku hiyo hiyo Antipasi alimpigia simu Happiness. Alimsikia akiamkia, "Shikamoo, mwalimu," kwa sauti ya zamani, na anasema hilo lilikuwa gumu kuliko mkutano wote. Alimweleza kila kitu bila kupumzika. Upande wa pili kulisikika sauti za soko.

"Akaniambia, 'Miezi kumi na minne, mwalimu. Nikibeba mtoto wa shangazi naogopa. Nikimimina chai naangalia mkono kama si wangu.' Kisha akakata."

Mafunzo ya ile kampuni yalikuwa yameshaanza bila yeye. Catherine hapiti tena karibu na kibanda. Wanachama wa zamani, wakikutana na Antipasi njiani, wanamwamkia kama mzee yeyote, na wanaendelea na safari.

Jumanne iliyopita, utingo wa basi linalotoka Itigi alimkabidhi bahasha ya kaki iliyokunjwa mara tatu. Ndani hakukuwa na barua. Kulikuwa na kibanio chekundu, kimepauka upande mmoja kwa jua.

Antipasi anakitoa sasa kwenye mfuko wa shati na kukiweka juu ya mwamba, mbali na uwele ili kisichafuke. Chemchemi yake ina kutu. Happiness alikitumia kubania magauni kwenye kamba ya duka; hilo Antipasi alilisikia kwa mtu mwingine.

Ubao bado upo kwenye mti wa mgunga, hatua kumi na mbili kutoka hapa. Marietha anaelekeza kidevu huko.

"Si ukibane basi," anamwambia. "Ameshakirudisha."

Antipasi anatikisa kichwa. Anasema hakijarudi. Kimetumwa, na kwa sheria ya klabu kutuma si kurudisha. Aliyekichukua ndiye anayekibana ubaoni, kwa mkono wake.

Kwa hiyo Jumatatu atafunga kibanda na kupanda basi kwenda Mitundu. Hajui kama Happiness atakubali kutoka nje kumwona. Hana klabu ya kumrudishia, hana mteremko, na ndege waliyokuwa nayo aliikata vipande mwenyewe. Anachopanga ni kumwekea kibanio mkononi mbele ya shangazi yake na wateja wowote watakaokuwepo, na kusema kwa sauti kwamba mkono ule haukuwahi kuangusha kitu.

"Akikitupa, atakuwa amekitupa yeye," anasema. "Lakini asikiache kwa sababu yangu."

Upepo umekaza. Marietha anachota konzi ya makapi kwa mkono wa kushoto na kuyaachia. Yanapanda juu, juu zaidi ya vichwa vyao, yanazunguka mara mbili juu ya mwamba.

Wote wawili wanayatazama mpaka yanapotea.

"Haya, fundi," anasema Marietha. "Ubavu."

Antipasi anarudisha kibanio mfukoni, anageuka ubavu, anainua ungo.