Gari Moja, Wenye Mzigo Tisa

Chekeni sasa hivi mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa: mimi ndiye niliyemfungia bosi wangu ndani ya geti siku ya Ijumaa, na kilichonifikisha huko ni wivu tu, wala si uzembe.

Kampuni yetu ni ya familia, hapa hapa Sumbawanga mjini, tunanunua mahindi ya wakulima. Mzee Hilali, mwenye kampuni, aliamua kazi yote ihamie kwenye kompyuta, na atakayefanikisha ndiye awe mkuu wa kitengo cha mifumo. Cheo hicho nilishakikalia kichwani miaka minne, ndipo akaajiriwa Restituta. Ana miezi mitatu kazini, hajui hata chai tunanywea wapi, lakini kila kikao mzee ni "Resti anasemaje?" (Mimi Deo naitwa projekta ikigoma.) Iliniuma, siwafichi.

Resti alikuwa anashinda getini na wapakuzi, anauliza, anaandika, nami nikipita namtania eti amehamia ulinzi. Mwishowe akaniletea mchoro wa jinsi kazi inavyokwenda, nitengenezee mfumo. Kisanduku kimoja kilisema gari moja huleta mzigo wa watu wengi, kwa sababu wakulima wetu huchanga wakakodi lori moja la Fuso, na kila mtu hushona midomo ya magunia yake kwa uzi wa rangi yake yasichanganyike. Miaka minne sikuwahi kusimama pale nikaona nyuzi hizo, kwa hiyo nikajiambia dada huyu anajionyesha tu, nikakifuta. Gari moja, mwenye mzigo mmoja, basi.

Siku ya uzinduzi skrini ikatundikwa ukutani, wote tukakusanyika, likaingia Fuso kutoka Laela na wakulima tisa. Mfumo ukataka jina moja la mwenye mzigo, tukaandika dereva. Kupima unyevu, gunia la mmoja likakutwa bichi, skrini ikawa nyekundu: mzigo wote umekataliwa.

Mama mmoja akanisogelea taratibu. "Mwanangu, yangu nimeyaanika wiki nzima. Nirudi nayo Laela kwa ajili ya mahindi ya jirani?"

Mtu mwenye akili angemwita Resti, alikuwa hatua tatu tu kutoka nilipo. Mimi, nimwite yeye mbele ya mzee? Bora ardhi inimeze. Nikaudanganya mfumo, nikamwingiza kila mkulima kama vile amekuja na gari lake, ukakubali, magunia makavu yakashuka, watu wakapiga makofi, nikamtupia Resti jicho la pembeni.

Mzee akatazama saa, muda wa swala umekaribia, akapanda gari lake mpaka getini. Mlinzi wetu, mzee Kasiano, hakufungua.

"Skrini inasema yameingia magari tisa ya mahindi," akaniambia. "Mimi nimeona moja. Manane yako wapi?"

"Shikamoo mzee wangu, fungua tu, huyo ni bosi."

"Marahaba. Uliandika hesabu isipolingana nisimfungulie mtu yeyote, ukanisainisha. Mimi nimesaini, Deo."

Ni kweli, niliandika mwenyewe, tena kwa wino mwekundu. Tukiwa bado tunabishana adhana ikasikika, mzee Hilali akashuka, akakunja kanzu yake nyeupe, akapenya mlango mdogo wa waenda kwa miguu, akapanda bodaboda huku wakulima tisa wakimwangalia.

Aliporudi aliuliza swali moja tu: nani alichora utaratibu huu? Resti akajibu, "Tulichora pamoja, mzee. Kuna sehemu hatukuelewana." Wallahi nilitamani anishtaki, maana kusitiriwa na mtu unayemwonea kijicho kunauma kuliko kufukuzwa.

Mzee si mtoto, alielewa. Resti akapewa cheo, mimi nikapewa kiti cha plastiki getini kwa mwezi mzima, na kila jioni nimpelekee Resti taarifa ya nilichokiona. Nimeapa sitatengeneza tena mfumo wa kazi ya watu ambao sijasimama nao juani.

Ila wivu haujaisha, sitawadanganya. Juzi alisoma taarifa yangu yote, akasema, "Hili mimi sikuliona, kaka Deo." Nikaenda nyumbani natabasamu njia nzima, halafu nilipofika mlangoni nikakasirika, kwa sababu aliyenifurahisha ni yeye.