Sifuri ya Mbele

Mwanangu, askari, alipokaa miezi mitano ng'ambo ya mpaka bila kupiga simu, niliacha kuuliza watu hapa Bwera. Askari akinyamaza, kuna laini ya kuulizia. Unapiga, sauti ya mashine inakuomba uingize namba yake ya uaskari. Akiwa hai, wanakutajia kikosi chake. Akiwa amekufa hawasemi kwenye simu, wanakuita ofisini. Kila mke wa askari anajua hilo, na mimi nilikaa kambini na marehemu mume wangu miaka mingi.

Vidole vya mkono wangu wa kulia vina ganzi, havibonyezi sawasawa, na laini yenyewe kila saa ina watu. Nikaenda mjini Kasese kwa mjukuu wangu, binti wa huyo mwanangu. Kazi yake ni kuandikia kompyuta maagizo. Alisema kompyuta itapiga simu yenyewe, itarudia mpaka ipokelewe, na ikiombwa namba itatuma milio ya vitufe ndani ya simu bila mtu kugusa kitu. Nikasema sawa. Akaniomba namba ya baba yake. Niliitaja kwa kichwa, kama tulivyotaja za waume zetu kwenye foleni ya posho.

Ilipokelewa saa nne asubuhi. Milio ikapita, mifupi, ya haraka. Mashine ikasema namba hiyo haipo.

Mjukuu wangu akaondoa mikono mezani. Akasema labda wamemfuta baba. Mimi nilikuwa nahesabu milio.

"Rudia, nisikie."

Akarudia. Milio mitano.

"Weka sifuri mbele."

"Bibi, sifuri hukunitajia."

"Kambini hakuna anayeitaja. Namba zote zinaanza nayo."

"Kompyuta haikukaa kambini, Bibi."

Akacheka kidogo. Mimi sikucheka, ila nilimsogezea chai yake.

Mara ya tatu milio ilikuwa sita. Mashine ikasema: "Ndugu wa karibu afike ofisini na kitambulisho."

Mjukuu wangu aliendelea kungoja kikosi kitajwe. Hakulelewa kambini, huyu. Akauliza kama irudie tena.

"Hapana. Zima."

Nikaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko, nikatafuta kitambulisho changu. Alinitazama nikikitoa na kukifuta kwa kanga. Hapo akaelewa. Chai yake hakuimaliza, nikaimwaga, nikaosha kikombe.